Majibu ya Nywele za Wajukuu Wetu

Mgeni rasmi, viongozi, majirani na watoto wetu: wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

MAKARIBISHO
Sisi Bibi Walezi wa Kitongoji cha Mialoni, Nyarugusu, tunakukaribisha kufungua jengo la zahanati. Viti tumeazimwa na msikiti, turubai ni la parokia. Tunawashukuru wote. Tuliambiwa changamoto zisizidi mistari mitatu. Tumejaribu, tumeshindwa.

HISTORIA
Tulianza bibi watatu, sasa tuko kumi na tisa. Wazazi wa wajukuu wetu wako kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, wakichimba, wengine wamefuata dhahabu mbali na hawajarudi. Vijana wetu hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma juu ya jiko la mkaa. Kwa kuogopa kuibiwa nje, walichomea ndani, jikoni mwetu. Sisi tulifungua dirisha tukaendelea kusonga ugali. Kosa hilo ni letu, hatulifichi.

MAFANIKIO
Watoto walipoanza kutetemeka mikono, Tabibu Donatus alitukalisha chini akatufundisha bila haraka. Alisema ubongo una nyuzi zinazopeleka habari, na kando ya nyuzi kuna chembe hai saidizi. Hizo chembe hulisha nyuzi, hutengeneza mafuta, na baadhi yake huzivika nyuzi mafuta hayo kama waya wa umeme unavyovikwa plastiki. Vazi likiharibika, habari huchelewa au hukwama njiani. Sisi bibi tulielewa upesi. Kulisha na kuvika ndiyo kazi yetu.

Tuliposikia mafuta, tulichanga tukaagiza samli kutoka Kishapu. Tukawanywesha watoto kijiko asubuhi na jioni, tukawapaka na utosini. Doto, mmoja wa wajukuu, aliharisha siku tatu. Tabibu hakutucheka. Alituita mama kwa lugha yetu, akasema, "Mayu, mafuta ya ubongo hupikwa humo humo ndani ya ubongo. Haya ya gulioni hayafiki huko. Mlishe mtoto chakula chake, na umtoe kwenye moshi." Tukamwuliza kama ni zebaki iliyowaumiza. Akasema, "Inaweza kuumiza nyuzi, na wasaidizi wake pia. Lakini kwa mtoto yeyote kati ya hawa siwezi kuapa mpaka apimwe."

Tangu siku hiyo hakuna anayechomea jikoni. Bwana Hamza, mwenye mwalo wa kuoshea dhahabu, alihamisha jiko lake nyuma ya kichuguu, tena bila kusukumwa. Mungu amzidishie.

CHANGAMOTO
Mgeni rasmi, Machi ya mwaka jana walikuja watu wa utafiti na gari jeupe. Walikata nywele za watoto kumi na mmoja, wakazitia kwenye bahasha zenye namba. Tuliwashika watoto wetu vichwa ili wasisogee. Walituahidi majibu baada ya wiki sita. Leo ni miezi kumi na saba.

Tulipiga simu. Tukajibiwa, "Majibu ni ya mradi, bibi, si ya kijiji." Tukauliza, kwani nywele zilikuwa za mradi? Simu ikakatwa. Alipopita mkubwa wao, tulimweleza yote, hata habari ya samli. Akasema mbele ya watu, "Kumbe mnataka kukaanga ubongo?" Watu wakacheka. Nasi tulicheka, kwa adabu ya wenyeji. Leo hatucheki.

Dorika, mjukuu wa mwenzetu Zuwena, ana miaka minne. Mwaka jana alikuwa akishika kikombe kwa mkono mmoja. Sasa anakishika kwa miwili, na uji unamwagika kifuani. Tabibu anasema nywele zikionyesha zebaki nyingi, ahamishwe hapa mara moja na apewe rufaa ya matibabu yake. Zisipoonyesha, kuna ugonjwa mwingine unaotafutwa bado. Zuwena hajui afunge mzigo au abaki. Jibu lipo limeandikwa, limekaa mezani kwa mtu, naye anakwenda kula mchana na kurudi.

Mnatuita wazee wenye subira. Subira yetu ni ya kumsubiri mtoto amalize kula. Hatukuitunza kwa ajili ya watu wanaokaa na afya ya mtoto ndani ya droo.

MAOMBI
Tulitaka kuomba na maji. Yatasubiri.

Tunaomba mahali pa kuchomea mbali na nyumba, penye vyombo vya kufunikwa, ili vijana wetu wasivute moshi ule. Na tunaomba majibu ya watoto kumi na mmoja. Namba ya aliyeondoka na bahasha tumeiandika nyuma ya karatasi hii. Tunaomba uipige sasa, kabla ya kukata utepe. Wewe hawatakukatia. Dorika ni huyo hapo mbele, mwenye gauni la njano, bahasha namba saba. Tutanyamaza wote usikie vizuri.

Mungu akupe moyo wa mzazi, na huyo wa upande wa pili wa simu ampe ujasiri wa kusoma anachokijua.

Ni sisi, Bibi Walezi wa Mialoni.
Imesomwa na Paskalia Mihayo, kwa niaba ya wenzake. Tunasubiri tukiwa tumekaa.