Bakuli la Dereva Katika Chumba cha Mama Sahani

Leo Ijumaa, tarehe thelathini Juni, afisa lishe wetu anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika hospitali hii. Jina lake halisi wanalijua watu wa mishahara. Sisi tunamwita Mama Sahani, naye huitika.

Alianzia katika kile kilichokuwa stoo ya magongo, nyuma ya maabara. Siku hizo wagonjwa walionenepa kupita kiasi walipewa karatasi ya vyakula vya kupunguza mwili. Nusu ya vyakula hivyo havikuuzwa sokoni kwetu, na vilivyouzwa hakuna aliyejua kuvipika. Wagonjwa waliitikia kwa adabu, wakakunja karatasi, wakarudi wameongezeka.

Mama Sahani alizitupa karatasi hizo, akaagiza kila mgonjwa aje na sahani anayolia chakula nyumbani. Tulicheka wiki nzima, maana watu walileta sahani za wageni! Zilikuja ndogo ndogo, zenye maua, zenye ukingo wa dhahabu, na moja bado ilikuwa na bei ya dukani. Ungeziamini sahani zile, ungesema mji mzima unalala njaa.

Aliyeleta ukweli ni dereva wetu wa gari la wagonjwa. Aliweka mezani bakuli la bati ambalo mkewe alikandia unga, akageukia dirishani kwa aibu. Magoti yalikuwa yamemgomea, presha iko juu, na daktari alishamwambia wazi kwamba akiendelea hivyo ataachishwa usukani. Kazi nyingine hakuijua. Alijitetea kwamba marehemu mama yake alijaza sahani vile vile na hakuwahi kuota kitambi.

Mama Sahani hakumcheka. Alimuuliza mama alikula nini hasa, na akishakula alifanya nini. Ilikuwa maharage, mboga za majani, viazi vya kuchemsha, na soda siku ya harusi. Akamwambia kwamba mama yake alishiba akaenda kushika jembe, yeye anashiba anakwenda kukalia kiti. Basi arudie chungu cha mama, viazi apunguze nusu, soda zirudi harusini, na jioni aende nyumbani kwa miguu. Wala hakusema kila cha zamani ni dawa. Hutuambia hadi leo kuwa wazee nao walipenda mafuta, ila hawakuyapata.

Ilichukua karibu miaka miwili, na dereva alinuna sana. Suruali zake za zamani sasa anazivaa shemeji yake.

Bakuli lilibaki kabatini kwa Mama Sahani. Kila mgonjwa aliyeleta sahani ya maua alionyeshwa, na safari ya pili alikuja na chombo chake cha kweli. Sisi watumishi nasi hatukupona: akitokea saa nne, keki zilikimbilia kwenye droo. Kuna keki moja sijamsamehe, lakini kwa afya yangu namshukuru sana.

Jana dereva aliliomba bakuli lake. Ndilo hilo mezani, limejaa matunda aliyoyamenya na mkewe. Lilikuwa la mtu mmoja. Leo idara nzima tutakula na matunda yatabaki.

Asante, Mama Sahani. Tunakuombea siku njema nyingi, ule ushibe, na utembee baada ya kula. Leo tu hutatembea: gari liko getini, na aliyeshika usukani unamjua.