Sauti ya Tatu Darasani kwa Mwalimu Makasi

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, ndugu walimu, wageni waalikwa, wanafunzi mliobanana kule nyuma, na wewe mstaafu wetu, Mwalimu Makasi:

Nimeombwa niseme machache, na kwa mara ya kwanza nitatii.

Jina la Makasi alipewa na mama mkwe wake, siku alipomkuta sakafuni na makasi, akikata Injili vipande vipande, akamwita bintiye: "Mwanangu, umeolewa na panya!" Kumbe mwenzetu alikuwa akibandika Marko, Mathayo na Luka ubavu kwa ubavu, tuone nani alimnakili nani. Wangekuwa wanafunzi wetu, si tungewafukuza?

Somo lake mnalijua. Wasomaji watatu husimama, kila mmoja na Injili yake, wakasoma kwa pamoja. Ambaye kitabu chake hakina maneno hayo, hunyamaza. Wasomi wengi husema Mathayo na Luka walikuwa na Marko mezani. Sawa. Lakini pale Marko aliponyamaza, nao wawili wakaendelea karibu neno kwa neno, walikuwa wakitazama nini? Labda andiko jingine, lililopotea.

Ndugu zangu, mimi mwalimu mwenzake nilikaa darasani mle, kiti cha nyuma, sina cheti cha somo lile wala haya. Marko akanyamaza. Midomo miwili ilikuwa ikisoma. Nikasikia sauti tatu.

Nikamtazama yule wa Marko: kafumba mdomo, kakodoa macho. Wenzake wakafika mwisho wa kifungu, wakakoma. Ile ya tatu haikukoma. Ilisoma sentensi moja zaidi, taratibu, kama mtu aliye kwake.

"Mwalimu, umesikia?" nikamuuliza koridoni.

"Kila mwaka."

"Na hujaiandika?"

"Ndugu yangu, hata akina Mathayo na Luka walianza hivyo hivyo. Kila mmoja alidhani anaongeza kidogo tu."

Leo anaondoka, na darasa kaniachia mimi, kwa sharti moja: nisikilize, nisiandike. Walimu wengine wamelikataa darasa hilo, eti vumbi la chumba kile linawabana kifua. Mimi nimelikubali mbele yenu.

Mwalimu, tunakushukuru kwa yote uliyotufundisha, na zaidi kwa hilo ulilojizuia kutufundisha.

Ila niwaambie ukweli. Hotuba hii niliiandika mwenyewe, na hapa ndipo nilipoishia. Chini yake pana mstari mmoja zaidi. Mwandiko ni wangu. Sikuutunga.

Sitausoma.

Asanteni kwa kunisikiliza mpaka hapa. Na atakayesikia zaidi ya hapa, tafadhali, asiandike.