Jiwe la Shangazi Linazunguka

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukesha kwa mshahara, mpimaji mkuu wa mwanga katika kituo chetu cha kutazama anga anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Sote tunamwita Shangazi, akiwemo mkurugenzi, ambaye amemzidi umri.

Kazi yake inaelezeka. Jiwe lililo mbali sana angani huonekana kwenye darubini kama nukta tu. Likigeuza ubavu mpana, nukta inang'aa. Likigeuza ncha, inafifia. Ukifuatilia kung'aa na kufifia huko, unajua jiwe linazunguka kwa muda gani. Wageni walioshindwa kuelewa aliwaonyesha kwa tochi na kiazi alichokining'iniza koridoni. Kiazi hicho kimeota, na wafagiaji wamekatazwa kukigusa.

Alipima mamia ya mawe bila ubishi. Ubishi ulikuja na moja, lililoonekana kwa muda mfupi kila usiku kabla ya kuzama, daima likiwa na mwanga uleule. Kikao kikaamua kwamba halizunguki. Shangazi akashikilia kwamba linazunguka, ila kwa saa ishirini na nne kama dunia yetu, hivyo kila tukilitazama linatupa upande uleule. Akaomba wenzetu wa upande wa pili wa dunia, ambao kwao ni usiku sisi tukiwa na mchana, waliangalie. Mkurugenzi alikataa miaka sita mfululizo. Aliona aibu kusumbua watu kwa ajili ya jiwe lililolala. Shangazi aliumia sana, na akaapa hataondoka hapa akiacha kosa hilo kwenye kumbukumbu za kituo.

Mwezi uliopita mkurugenzi alikwenda likizo. Kaimu wake alisaini ombi kabla hajakaa vizuri kitini. Majibu yalifika Jumatatu: linazunguka, na lina umbo la kiazi. Shangazi alipiga vigelegele hadi mlinzi akaja mbio na rungu. Mkurugenzi amempongeza, kwa ufupi.

Mume wa Shangazi ni mwalimu wa shule ya msingi. Asubuhi yeye akitoka, Shangazi ndiyo anaingia. Miaka yote hii mwalimu amemwona mkewe upande mmoja tu, ule wenye usingizi, na hajawahi kulalamika wala kuitisha kikao.

Shangazi, asante kwa kila kitu. Tutakukosa kweli. Nenda salama, uishi sana na uwe na afya, na mwalimu naye auone upande uliobaki.