Kosa Alilojitwika Mwalimu Verdiana

Baada ya miaka thelathini na tatu ya kufundisha Kiingereza na kulea skauti, Mwalimu Verdiana Kashaija anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Alianzia Kimuli, kisha akahamia shuleni kwetu Ihanda akiwa na baiskeli, kamusi na filimbi ya gwaride.

Wengi tunamkumbuka kwa mahafali ya mwaka 2011. Mshereheshaji alikuwa Nadhira, mwanafunzi wa kidato cha nne, binti wa mwenye duka la vitambaa. Ratiba aliiandika mwenyewe kwa kufuata alivyosikia, akatangaza kwa kujiamini kwamba sasa mgeni rasmi atakagua "God of honour". Alikusudia "guard of honour", yaani gwaride la heshima.

Mzee Lameck, mwinjilisti aliyeketi mbele na wazazi, akauliza, "Huyo mungu anayekaguliwa ni yupi?"

Uwanja mzima ukacheka. Nadhira akaweka kipaza sauti mezani, akashuka jukwaani akilia. Mkuu wa shule wa wakati ule akaagiza mwalimu mmoja amalizie.

Mwalimu Verdiana akawaacha skauti wake wamesimama wima juani, akapanda jukwaani.

"Shikamooni wazazi. Kosa hili ni langu," alisema. "Maneno haya nawatamkia watoto uwanjani kila mwaka, lakini sijawahi kuwaandikia ubaoni. 'Guard' ni mlinzi. Wanaokaguliwa ni hawa hapa. Naomba Nadhira arudi amalizie kazi yake."

Mzee Lameck ndiye aliyeanza kupiga makofi. Nadhira akarudi, akatangaza upya sawasawa, na gwaride likakaguliwa.

Mimi ninayefundisha Hisabati nilijua sivyo. Maneno yale yalikuwa ubaoni wiki nzima kabla ya mahafali, kwa herufi kubwa; niliyafuta kwa mkono wangu nikitafuta nafasi ya kuandika milinganyo. Wiki hiyo Nadhira alikuwa amelazwa hospitalini kwa malaria.

Leo Nadhira anafundisha Kiingereza katika shule ya Kiruruma. Nilipomsimulia haya mwezi uliopita alisema, "Miaka yote hii niliamini kweli mwalimu alisahau."

Mwalimu Verdiana, wanafunzi na walimu wa Ihanda tunakushukuru. Mibuni unayokwenda kuitunza shambani kwako izae vizuri, afya ikukalie, nawe upumzike kwa raha uliyoistahili.

Desderius, kwa niaba ya walimu wenzako