Maboksi Kumi ya Arlis

Benchi lile la nje ya kituo cha mafuta cha mama Vonda, pale kona ya kuingilia mji wa Pruitt, Missouri, lilikuwa la watu watano. Tangu Januari ni la wanne, na hao wanne wana midomo ya kutosha watu tisa. Yupo Kontena, aliyeendesha lori miaka thelathini, ambaye ukimuuliza habari za jino lake linalouma atakupa habari za bandari. Yupo Profesa, ambaye chuo kikuu alikiona siku alipokwenda kukipaka rangi, lakini kwa kusoma simu hana mpinzani. Yupo Shemasi, na huyu ni shemasi wa kweli, wa Kibaptisti, anavaa tai hata akienda kununua misumari. Na yupo Verlin Stamper, wanayemwita Kiberiti, kwa sababu kila tarehe nne ya Julai, nchi ikisherehekea uhuru wake, ndiye aliyekuwa akiwasha utambi wa fataki. Wa tano alikuwa Arlis, bosi wao. Korona ilimchukua mwezi wa kwanza. Makaburini wakaruhusiwa watu kumi wa familia, na hawa wanne wakamzika mwenzao kwa macho tu, wamejifungia kwenye magari yao, vioo vimepandishwa.

Sasa sikiliza, maana bila hili hutaelewa kwa nini asubuhi ile ya tarehe tatu kahawa ilikuwa haimshuki Verlin kooni. Wale watano walikuwa wagonjwa wa fataki. Sisemi hivi vijiti vya kuwanyamazishia watoto. Nasema fataki za maboksi, zile mtu anajinyima mwaka mzima, Februari anaagiza kwa bei ya jumla, mkewe ananuna mpaka Pasaka. Kila mmoja alinunua maboksi mawili, akachagua mwenyewe, akayaficha kwake. Na sheria ya Arlis ilikuwa moja tu: boksi la mwenzio haliulizwi. Huulizi lina nini, huulizi liko wapi, huombi kuliona, mpaka asubuhi ya tarehe nne, yanapofunguliwa yote kumi kwa pamoja kwenye shamba la Arlis nyuma ya nyumba. Ukiuliza kabla ya hapo, umewavunjia wenzako heshima, na kahawa ya wiki nzima unalipa wewe.

Mwaka wa korona walinunua Februari kama kawaida, kabla dunia haijafungwa. Julai ilipofika, Arlis mapafu yake yalikuwa mabovu na daktari amemkataza kukaa na watu. Akawapigia simu mmoja mmoja. Akasema yawekeni, tutayapiga mwakani, na hata nikiwa sipo yapigeni vilevile, yote kumi, Merlene aone. Merlene ndiye mkewe. Wakaahidi wote wanne, kila mmoja kwa kinywa chake.

Verlin alikuwa ameyauza ya kwake.

Aliyauza mwezi wa tano kwa yule jamaa mwenye hema la fataki kule njia kuu. Boksi alilonunua kwa dola mia moja na sitini, jamaa alimpa mia nne na hamsini papo hapo. Na Verlin hakuwa na njaa, hakuwa na mgonjwa, hakuwa na chochote cha kumsukuma. Bei tu ilimpanda kichwani. Kila alipokwenda alisikia zimepaa, zimepaa, akajiona bwege kulalia mali. Roho ilipomsuta alitoka kwenda kununua nyingine, akazunguka mahema matatu, hamna kitu, vimebaki vijiti vya cheche na vikopo vya moshi wa rangi. Basi akajipa moyo kwamba yamebaki manane, na gizani nani atahesabu. Alichokitaka asubuhi ile ni kisingizio kimoja kizuri, na kama kuna mahali pa kukipata ni pale benchini.

— Mimi nawaambia ni meli, — Kontena alianza, akipuliza kahawa yake. — Zimepanga foleni kule California mpaka maji huyaoni. Kontena lililokuwa linakuja kwa dola elfu tatu, leo elfu ishirini. Ishirini, jamani! Hapo utaleta fataki au utaleta makochi?

— Makochi, — alisema Shemasi.

— Ehe! Makochi, na zile baiskeli za kukanyaga sebuleni usifike popote.

— Acha kamba zako za bandarini, — Profesa akamkata. — Mwaka jana watu wamefungiwa ndani. Mpira hamna, kanisa hamna, serikali imewatumia hundi. Ulitegemea wafanye nini? Wakalipua! Tangu mwezi wa tano, mtaa kwa mtaa, mbwa hawalali. Wamemaliza maghala ya nchi nzima, halafu wewe unasingizia meli.

— Kwani hizo mpya wataziletaje, kwa miguu?

— Wataziletaje wakati China viwanda vimefungwa? Mtu wa kusokota utambi yuko kwao na barakoa!

Verlin akaona mlango umefunguka, akapenya.

— Na unyevu je? — akasema. — Mwaka huu unyevu umeharibu sana baruti za watu.

Wote wakamgeukia. Mvua ilikuwa haijaonekana tangu mwezi wa sita uanze.

— Unyevu gani, Kiberiti? — Profesa akauliza. — Nyasi za kwangu ukizikanyaga zinavunjika.

— Nasema tu. Ule unyevu wa chini kwa chini. Wa ghalani.

Alijiandaa kuchekwa. Hakuna aliyecheka. Kontena akaitikia kwa kichwa taratibu, uso umekunjamana kwa busara.

— Hapo umenena, mtu wangu. Unyevu wa chini kwa chini upo. Hata mimi siku hizi nina wasiwasi na ghala langu.

— Na panya, — akaongeza Shemasi haraka. — Msisahau panya. Panya wa mwaka huu wanakula karatasi kama hawana akili nzuri.

Verlin akashusha pumzi. Akasema moyoni, afadhali, wameumeza. Ila pumzi ile haikufika chini. Shemasi ana paka saba, mji mzima unajua. Panya wa kwake aingie kwa dirisha gani?

— Nyie mnazungukazunguka, — Profesa alisema, akasogea, akashusha sauti kama wazee wa siri. — Bei imepandishwa makusudi. Mmewahi kujiuliza kwa nini ni fataki, kwa nini si chumvi? Moshi wa baruti unaua kirusi. Nimesoma. Ile salfa ya manjano iliyomo ndani, ikiingia kifuani, kirusi kinazimia. Sasa wenye dawa zao wakaona, hee, hawa wakulima wakilipua tarehe nne watapona wote bure. Wakazifuta sokoni.

— Arlis alivuta moshi wa baruti miaka arobaini, — Verlin alisema.

Halikuwa neno la kusema, nalo likaanguka pale katikati. Profesa akaikodolea simu yake. Gari likaingia, likajaza mafuta, likaondoka, na hakuna aliyesema ni la nani wala limetokea wapi, jambo ambalo pale kijiweni halijawahi kutokea.

Shemasi ndiye aliyeokoa jahazi, maana kimya kwake ni mateso.

— Mimi nasikia kuna matajiri, siwataji, wamezinunua zote wakazifukia jangwani Nevada. Mashimo marefu kuliko mnara wa kanisa. Wanangoja miaka saba watu walie, ndipo waziuze, cheche moja moja, kwa vocha.

— Jangwani hazipati unyevu, — akakubali Kontena.

— Ndiyo maana wakachagua jangwa!

— Na meli zilizokwama?

— Hazikukwama. Zinageuzwa usiku kwenda Nevada.

— Nevada haina bahari, we mzee!

— Ndiyo maana hakuna anayezitafuta huko!

Siku nyingine Verlin angecheka mpaka kahawa imtoke puani. Leo alikuwa anawaangalia mikono. Kontena anachana mdomo wa kikombe chake vipande vidogo vidogo. Shemasi anakaza tai, anailegeza, anaikaza. Akaona bora amalize.

— Haya, tuyaache ya Nevada. Kesho saa ngapi tunapeleka shambani?

Vikombe vitatu vikapanda midomoni kwa pamoja.

— Kesho ni Jumapili, — Shemasi akasema hatimaye. — Nina ibada ya asubuhi, nina ibada ya jioni. Baruti siku ya Bwana, mimi naona kama si vizuri.

— Mwaka ule mwingine ilikuwa Jumapili, — Verlin akamkumbusha, — na wewe ndiye uliyeleta mizinga ya mwisho.

— Nilikuwa kijana.

— Ulikuwa na miaka sitini!

— Tuwe wakweli, — akasema Profesa, ambaye hakuwa na nia yoyote ya kuwa mkweli. — Ukame huu, cheche moja ikiangukia nyasi tumechoma kata nzima. Mimi ningeshauri tusogeze mbele. Septemba hivi. Au tupige machache tu. Ya Kontena yanatosha.

— Ya kwangu? — Kontena akaruka. — Kwa nini ya kwangu? Si ya Shemasi! Shemasi siku zote ananunua yale makubwa.

— Makubwa wapi? Mimi mwaka huo nilinunua madogo madogo, hayana maana. Ya Kiberiti ndiyo yenyewe. Kiberiti ana jicho.

Verlin akakitua kikombe. Miezi miwili alikuwa amelala na dhambi yake peke yake, akijua kwamba pale benchini mwizi ni mmoja. Akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika miaka ishirini na miwili.

— Shemasi, — akasema. — Ya kwako yapo?

— Ala! — Shemasi akasimama wima. — Tangu lini boksi la mtu linaulizwa?

— Nimeuliza tu.

— Arlis hajamaliza hata mwaka kaburini, tayari sheria yake unaikanyaga!

— Huna adabu, Kiberiti, — Kontena akadakia, mishipa imemsimama. — Kweli kabisa huna adabu. Mwenzetu alituachia kitu kimoja tu cha heshima.

— Na wewe ya kwako yapo? — Profesa akamgeuzia Verlin kibao. — Maana umeanza wewe.

Wakabaki wanatazamana, wote wamekasirika, na hakuna kati yao aliyekuwa na haki ya kukasirika.

Hapo ndipo gari dogo la mizigo la Arlis, lile la buluu lenye bampa iliyopinda, lilipokata kona na kusimama mbele yao. Akashuka Merlene. Mwembamba, suruali ya Arlis ameifunga kwa mkanda, barakoa imening'inia sikio moja.

— Shemeji zangu, hamjambo?

— Hatujambo, shemeji! — wakaitikia wanne kwa mkupuo, na Shemasi akakaa.

Merlene akazunguka nyuma ya gari, akaangusha ubao. Maboksi mawili, gundi yake haijaguswa, na juu yake mwandiko wa Arlis ule uliolala kushoto: TAREHE NNE. USIGUSE.

— Ya Arlis haya, — akasema. — Nimeyapakia mwenyewe, lakini kuyafikisha kule shambani mgongo hautaki tena. Nikasema nitawakuta hapa, mtanishikia, yachanganywe na ya kwenu.

Kwa kawaida wanaume wale mwanamke hawezi kunyanyua hata mfuko wa mkate mbele yao. Hakuna aliyenyanyuka.

— Kaeni tu, sina haraka, — Merlene akasema. Akaegemea gari. — Kuna jambo linanisumbua, nataka mnishauri. Yule bwana wa hema la njia kuu alikuja nyumbani wiki mbili zilizopita. Sijui nani alimwambia ninayo haya. Akanitajia mia tano kwa kila moja. Sitawaficha, nilitamani. Bomba la jikoni limepasuka tangu Machi, naosha vyombo bafuni. Lakini nikamwambia, bwana, hii si mali yangu, ni ya watu watano, na kuna siku yake.

— Ulifanya vizuri, shemeji, — Kontena akasema.

— Akacheka. Akaniambia, mama, unamngoja nani? Wale wanne wote wameshaniuzia. Akawataja. Verlin Stamper mwezi wa tano, akasema. Mwingine Aprili. Mwingine, ati, mwezi wa tatu, kaburi la mume wako halijaota hata nyasi.

Profesa aliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

— Nikamwita mwongo, — Merlene akasema. — Nikamwita mwongo na mshenzi, mbele ya wajukuu wangu, na jirani katoka barazani anasikiliza. Nikamwambia hawajui wanaume wale. Nikamfukuza kwa fagio mpaka kwenye gari lake. Mimi, ambaye sijawahi kumtukana mtu. Asubuhi hii nimepita hapo kwake, amenivulia kofia, amenisalimia vizuri tu. Nikashikwa na haya, sijui hata kwa nini.

Akawatazama, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, na Verlin alikuwa wa mwisho.

— Sasa niambieni, shemeji zangu. Nikamwombe radhi?

Verlin alitaka kusema kitu. Alikuwa na meli, alikuwa na unyevu, alikuwa na panya na Nevada nzima, na vyote vilikataa kutoka.

Merlene akangoja kwa muda ambao ungetosha mtu mwungwana kujibu. Kisha akapandisha ubao wa nyuma, akausukuma kwa nyonga mpaka ukajifunga, akaingia kwenye gari na maboksi yake mawili, akakata kona kuelekea hemani.