Tumbo la Mwalimu Mueni Lilikuwa Zima

Ndugu, majirani, walimu na wanafunzi mliofika hapa shambani kwetu Hindi leo Jumamosi, tarehe 15 Februari 2025, wengine mkiwa mmepanda boti gatini Mtangawanda kabla jua halijachomoza, poleni kwa safari. Mimi ni Rufus Nthenge, mume wa marehemu. Historia hii ilikuwa isomwe na shemeji yangu Hesbon, kaka yake, ambaye jana aliipitia hadi ukurasa wa pili akanirudishia, akasema, "Shemeji, hapo ulimi wangu utakwama," nami sikumlaumu, kwa kuwa ukurasa huo umeandikwa kwa maagizo ya marehemu mwenyewe.

Fridah Mueni alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 karibu na Mwala, Machakos, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na mamake husimulia kwamba akiwa na miaka minne alimpasua kuku aliyekwisha kuchinjwa ili aone mtama uliishia wapi. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1986 hadi 1993, ya upili kuanzia 1994 hadi 1997, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 2001, na Januari 2003 akapangiwa kufundisha sayansi katika shule ya msingi huko Siyu, kisiwani, mahali ambapo, kwa maneno yake, ilibidi kwanza apatafute kwenye ramani. Alihamishiwa Pate mwaka 2012, akabaki huko hadi ugonjwa ulipomzuia.

Tulifunga ndoa tarehe 17 Desemba 2005 kanisani mjini Amu, nilikokuwa mpima ardhi, tukajaliwa watoto wawili, Kioko, aliyezaliwa 2006, na Ndinda, aliyezaliwa 2009.

Mnamo Februari 2022 marehemu aliona damu chooni, akahisi mwasho, na baadaye uvimbe mdogo, lakini hakuniambia hadi Mei. Mwezi Juni alikwenda zahanati, akamkuta kwenye dawati la kuandikisha wagonjwa kijana Ammar, aliyekuwa mwanafunzi wake, na alipoulizwa anaumwa wapi akajibu, "Tumbo," basi likaandikwa tumbo, akapewa dawa za tumbo, na kwa miezi mitatu akazimeza kwa uaminifu. Baada ya hapo alijitibu mwenyewe, akidhani ni bawasiri tu, kwa malhamu ya dukani, hadi Januari 2023, alipomweleza jirani yetu Bi Barka kwa kuzungukazunguka na kufichaficha, na Bi Barka akamkatiza, "Mwalimu, hiyo ni ndia ya haja kubwa, na kila alaye anayo, hata bibi harusi anayo, sasa wamfita nani?" Marehemu alicheka hadi akajishika mbavu, na wiki iliyofuata akavuka bahari kwenda kupimwa.

Tarehe 9 Machi 2023, mjini Nairobi, Daktari Jeruto alimwambia kwamba ni saratani. Marehemu aliniambia siku hiyo kwamba kwa miaka ishirini alikuwa amefundisha safari ya chakula kutoka mdomoni, kwa Kiingereza, na kila mwaka, walipofika neno la mwisho kwenye mchoro, mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, hilo kwa Kiswahili laitwaje?" naye kila mwaka akajibu, "Tuendelee." Ammar alikuwa mmoja wa waliouliza.

Kuanzia hapo aliusoma ugonjwa wake kama alivyosoma kila kitu. Alinunua daftari, akaandika maswali, akampelekea daktari. Aliuliza kama bawasiri zake ndizo zilizogeuka saratani, daktari akamjibu, "Hapana, bawasiri haigeuki saratani, ila damu ya hizo mbili haina rangi tofauti, ndiyo maana tunapima." Aliuliza kama ni pilipili, akaambiwa si pilipili. Alifahamishwa kwamba mara nyingi chanzo ni kirusi cha HPV, kile kile cha saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba aliyewahi kuwa na matatizo huko, kama yeye alivyotibiwa mwaka 2011, huwa katika hatari zaidi. Swali la tisa lilinihusu mimi, niliyekuwa nimeketi kando yake: je, Rufus ndiye aliyeniletea? Daktari alisema kwamba watu wazima walio wengi hukutana na kirusi hicho, mwili wa wengi hukishinda, kwa wachache hukaa kimya miaka mingi, na hakuna kipimo cha kueleza kilitoka kwa nani wala lini. Marehemu akaandika, "Haijulikani," akapiga mstari chini yake, akaendelea na swali la kumi, mbona mionzi haiumi inapopita.

Alipigwa mionzi mara ishirini na nane, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 22 Juni 2023, pamoja na dawa za saratani, na ngozi ilipoungua wiki ya nne aliandika pia siku ilipoanza kupona. Januari 2024 alirudi darasani. Mwezi Agosti saratani ilionekana kwenye ini, na Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, alifariki akiwa nyumbani, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Kamati ya mazishi, kwa nia njema, ilinishauri tuseme saratani ya tumbo. Marehemu aliliona hilo kabla yetu, na tarehe 20 Januari aliandika hivi: "Msiseme tumbo. Tumbo langu lilikuwa zima. Mtu akisikia tumbo, atakwenda kusema tumbo, kama mimi." Kwa hiyo nasoma. Fridah Mueni alifariki kwa saratani ya njia ya haja kubwa, pale mwisho kabisa, na anayeona damu, uvimbe au mwasho usioisha, aseme ni wapi, kwa lugha yoyote aliyo nayo.

Tunamshukuru Daktari Jeruto na wenzake, muuguzi Bi Amal aliyetufundisha kumwosha bila kumwumiza, Bi Barka na majirani wa Pate, walimu wenzake waliomshikia vipindi, na Ammar, aliyebeba jeneza leo.

Mueni, neno lako limesomwa, na wote wamesikia. Pumzika kwa amani.