Kikombe cha Breki

Benchi letu liko kwenye kona, mgongo wake umeegemea ukuta wa duka la Fundi Redio, na mimi na jiko langu tuko mwisho wake, upande wa kivuli. Wananiita Bi Birika. Jina nililopewa na mama yangu walishalisahau, na wengine hawakuwahi kuliuliza. Nawauzia kahawa watu wazima watano wenye akili timamu, ambao wakishafunga kazi zao jioni wanakuja kuzipoteza akili hizo hapa, tena kwa hiari. Tangu Fundi alipokuta kadi ya nyimbo ndani ya redio ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua, benchi limegawanyika. Nyimbo zinazolia vizuri ni mbili tu. Mmoja ni jazi: tarumbeta na besi, unatembea polepole kama mtu aliyeshiba. Mwingine ni panki: magitaa, ngoma, na kijana anayefoka utadhani kakanyagwa kidole. Wanasikiliza, wanabishana, wanapiga kura. Kura ni vikombe vyangu: kikombe wima ni jazi, kikombe kimepinduliwa ni panki. Ukitaka kuipigia panki, sharti umalize kahawa kwanza. Mimi sina kura. Mimi naosha masanduku ya kura.

Siku ninayoisema walikuwa wanne, na kura haikuwa ya mchezo. Wa tano, Breki, dereva mstaafu wa malori, alikuwa amelazwa tangu asubuhi. Jicho lake moja lilishakwenda zamani, na kesho yake walikuwa wanapasua lililobaki. Akitoka huko atafungwa macho yote mawili, alale bila kutikisika. Kabla hajaondoka alimwomba Fundi amtengenezee kidude chenye kitufe kimoja na wimbo mmoja, maana hataona cha kubonyeza. Fundi akamuuliza, wimbo gani? Akasema, wowote mtakaokubaliana. Akacheka, akaenda zake. Shemeji yetu, mke wake, alikuwa apite jioni hiyo kukichukua.

— Mimi sina maneno mengi, — alianza Fundi Redio, kidude kiko kiganjani. — Mtu akifungwa macho anahitaji wa kumshika mkono. Tarumbeta inamshika mkono. Inamzungusha taratibu, inamrudisha kitandani. Haraka haraka haina baraka.

— Kwani anakwenda wapi azungushwe? — alimkata Mkasi. Mkasi ni kinyozi. Kichwa chake mwenyewe hakina unywele hata wa dawa, na panki aliijua kwanza kama mtindo wa kunyoa, kabla hajajua kwamba inapigwa. — Kaambiwa asitikisike, we unamtembeza.

— Anatembea moyoni.

— Basi moyo ndo usitikisike kabisa. Panki ni fupi. Inaanza, inagonga, imekwisha, inaanza tena. Mgonjwa anahesabu mizunguko, mara chai imefika. Jazi unaweza kulala ukaamka, bado yule bwana anatafuta pa kuingilia. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

— Na zako ziko wapi? — aliuliza Pasi, ambaye ni dobi, na tena yuko upande wake.

Mkasi akajipapasa utosi, akasema kinyozi hajinyoi. Hiyo nayo haikumsaidia.

Kamusi akakohoa. Kamusi alifundisha miaka mingi kabla ya kustaafu, na akikohoa tu, kidole kinapanda juu chenyewe.

— Tulitazame jambo hili kitaalamu. Jicho na sikio ni majirani. Wanatumia ukuta mmoja. Sasa jirani akianza kupigilia misumari, plasta ya nani inadondoka? Ukimwekea panki, nyuzi za daktari zitaachia, mmoja mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Hicho kinaingiaje hapo? — aliuliza Mkasi.

— Kinaingia. Tafakari.

— Nimetafakari. Hakiingii.

— Ngojeni mimi niwaambie kitu cha kazini kwangu, — alisema Pasi. — Nguo ikikunjamana huipulizii. Unaiwekea pasi ya moto, unakandamiza. Damu ya mtu mwenye wasiwasi imekunjamana. Jazi ni kuipulizia. Panki ndo pasi yenyewe. Dawa ya moto ni moto.

— Na shati langu la bluu? — aliuliza Fundi kwa upole. — Lile lililorudi na picha ya pasi mgongoni?

— Lile liliungua polepole, nikiwa sina habari. Kwa hiyo lile lilikuwa jazi.

Hata Fundi alicheka. Nikawaongezea kahawa, Mkasi akainyakua yake kama kawaida yake, ikammwagikia, akajifuta kwenye suruali. Ningemwambia kitu, lakini suruali ni yake.

— Mnamsahau Breki mwenyewe, — aliendelea Mkasi. — Yule ni mtu wa malori. Tangu ujana wake amelala injini ikiunguruma. Kwake yeye kimya maana yake gari limekufa. Mpe tarumbeta, atadhani limemzimikia mlimani na mzigo mgongoni. Panki ni injini ile ile, ila ina maneno.

— Ahaa, — Kamusi kidole juu. — Hapo ndipo penye hatari. Macho yamefungwa, injini inaunguruma. Mguu wa kushoto utatafuta klachi. Mkono utatafuta gia. Na anayepita kando ya kitanda ni nani? Ni nesi.

Benchi lote likamwonea nesi huruma.

— Mimi naona mbali kuliko nyinyi, — alisema Pasi, na niliposikia hivyo nilijua tumekwisha. — Wodi ina vitanda vingi. Breki akipigiwa jazi, wa kitanda cha pili anasikia, na wa tatu. Wote wanaanza kupona kwa mwendo ule ule wa besi. Hakuna anayetoka, kwa hiyo hakuna anayeingia. Foleni inafika getini, inafika barabarani, inapinda kona, inafika hapa. Bi Birika anakosa pa kuweka jiko. Kisa, tarumbeta.

— Foleni ikifika hapa nitauza kahawa, — nilimwambia. — Usinitumie mimi kwenye hoja zako.

Fundi akasema maneno yametosha, tusikilize mara ya mwisho kisha tupige kura. Akaiwasha jazi kwenye spika ya dukani. Tarumbeta ikaingia taratibu, na ilipofika pale inapopanda kama inataka kuuliza kitu, Mkasi akapiga miayo kwa makusudi, kwa sauti. Fundi akaizima kwa hasira, akaweka panki. Yule kijana akafoka, Kamusi akaziba sikio kulinda jicho lililo jirani. Halafu wakapiga kura. Fundi wima. Kamusi wima. Mkasi akapindua. Pasi akapindua.

— Wengi wape, — alisema Kamusi.

— Wengi wako wapi? — nilimuuliza. — Wawili kwa wawili.

— Kuna kura ya Breki, — alisema Mkasi. — Hayupo, lakini mwelekeo wake tunaujua.

Hapo sasa ndipo vita ilipoanza upya, na ni lazima niwaeleze. Breki, siku zote alizokaa kwenye benchi hili, hakuwahi kusimamisha kikombe chake wala kukipindua. Alikuwa akikilaza ubavu. Kinayumba kidogo, kinatulia, naye anakunja miguu yake na kuwaacha wagombanie tafsiri.

— Juzi mdomo wa kikombe ulielekea kwangu, — alisema Mkasi.

— Ulielekea kwako kwa sababu benchi limeinama huko, — alisema Fundi.

— Na kwa nini limeinama?

— Kwa sababu ya uzito wako. Hiyo si kura, hayo ni makalio.

— Kitaalamu, — alisema Kamusi, — kikombe kilicholala kimekaribia kusimama kuliko kupinduka.

— Kitaalamu kimeanguka, — alisema Pasi. — Na kitu kilichoanguka ni panki.

Wakati huo Shemeji alikuwa ameshafika, amesimama na kapu la chakula mkononi, hawajamwona. Mimi ndiye niliyemwona. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala.

— Jamani, — nilisema. — Mgeni.

— Oo, Shemeji, karibu, — wote wakasimama. Pasi akamfutia mahali kwa kiganja. — Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Alikaa pale pale anapokaa mume wake, mwisho wa benchi, karibu yangu. Hakukataa kahawa.

— Kidude kiko tayari? — aliuliza.

— Kiko tayari kabisa, — alisema Fundi. — Bado wimbo tu. Tuna mbili, na kura zimelingana.

— Ni suala la muda, Shemeji, — alisema Kamusi.

Shemeji akawatazama mmoja mmoja, bila hasira.

— Mwenyewe anapenda upi?

Fundi alikigeuza kidude juu chini kana kwamba jibu limeandikwa mgongoni. Kamusi akakohoa.

— Tukizingatia mwelekeo wa kikombe chake...

— Sijauliza kikombe, Mwalimu.

Na mimi nilitafuta kichwani mwangu, nisiwaseme wao tu. Nilijua Breki hataki kikombe kijazwe mpaka juu, kwa sababu mkono wake unatetemeka na hapendi uonekane. Nilijua anaanza kunywa wa kwanza na kumaliza wa mwisho. Wimbo anaoupenda sikuujua. Nimekiosha kikombe chake jioni baada ya jioni, na sikuwahi kumuuliza. Niliona haya, nasema kweli.

— Nyumbani hata mluzi hapigi, — alisema Shemeji. — Nimemuuliza jana, akaniambia wowote watakaokubaliana, akacheka peke yake. Kitu anachofanya akirudi ni kunisimulia nyinyi. Anawaigiza wote, kila mmoja na sauti yake. Mwalimu anamfanya hivi.

Akakohoa, kidole chake kikapanda juu, na alikuwa Kamusi mtupu. Kamusi wa kweli akakishusha chake taratibu, akakikalia.

— Leo asubuhi alinishika mkono mpaka mlangoni pa wodi, — aliendelea. — Hajawahi kunishika hivyo njiani. Anaogopa. Asipoona tena kwa jicho hili, basi. Hana jingine.

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kulisema jambo hilo pale kwenye benchi. Sisi tulikuwa tumelizunguka na matarumbeta na mapasi jioni nzima.

Mkasi ndiye aliyeuliza.

— Saa za kutazama wagonjwa ni ngapi kesho?

— Saa kumi.

— Nafunga saluni.

— Na mimi, — alisema Fundi, akakitia kidude mfukoni mwake.

— Mnakuja kufanya nini? — aliuliza Shemeji. — Hatawaona.

— Atatusikia, — alisema Pasi. — Tutabishana kwa kunong'ona. Mimi nitakaa upande wa sikio la kulia.

— La kulia ni la jazi, — alisema Kamusi.

— Nani kaligawa?

— Ndilo lenye adabu.

— Na nesi je? — aliuliza Fundi.

— Nesi akae upande wetu, — alisema Mkasi. — Upande wenu atalala kazini.

Shemeji akacheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha, naye hakujali, akayafuta kwa kiganja huku wao wamekazana na masikio. Mkasi akaninyooshea kikombe bila kunitazama. Nikainamisha birika, likatoa matone mawili na machicha.

— Imekwisha, — niliwaambia. — Nendeni makwenu mkalale, kesho mna kazi.

Wakaondoka wakigombania sikio la kushoto. Kwenye beseni langu kulikuwa na kikombe kimoja, cha Breki, ambacho hakikutumika siku ile. Nikakikausha kwa kitambaa safi, nikampa Shemeji.

— Mpelekee hiki. Mwambie Bi Birika anauliza, wima au kimepinduliwa? Safari hii nataka kujua.

Akakizungusha vidoleni, akakitia kapuni kando ya chakula.

— Na akikilaza?

— Akikilaza, mwambie huko si kwenye benchi. Aje akilaze hapa.